Kizimamoto cha Jiko la Meli

Benchi letu liko nje ya geti la bandari, ubavuni mwa karakana ya kuchomelea, na asiyependa ubishi anywe kahawa kwake. Asubuhi hiyo mpishi wa meli alikuja hana nyusi. Safari iliyopita karai la mafuta lilimlipukia, na sasa nahodha kamwambia achague mwenyewe kizimamoto cha jikoni kabla ya kung'oa nanga jioni. Washauri wakawa Cheche, mchomeleaji, na Profesa, mpakua makontena. Nasema wazi: hakuna kati yao aliyewahi kuzima hata kibiriti.

— Chukua cha maji, alisema Cheche. Umezungukwa na bahari, unatafuta nini kingine?

— Maji kwenye mafuta yanayochemka? nikafoka. Unataka tumzike? Moto utaruka hadi darini!

— Basi cha gesi, akadakia Profesa. Hakichafui chakula.

— Kaka, jiko lenyewe kama kabati, mpishi akasema. Gesi ikifukuza hewa, mimi navuta nini?

— Unabana pumzi. Mvumilivu hula mbivu.

— Atazilia akhera! nikamjibu.

— Kwani dawa ya moto si moto? Cheche akapandisha sauti. Washa mwingine pembeni, wapigane wenyewe.

— Au nahodha ailaze meli ubavu, mafuta yamwagike baharini, akasema Profesa.

— Na sisi tuliomo? mpishi akauliza.

— Abiria chunga mzigo wako. Wahenga hao.

Nikagonga benchi kwa kikombe.

— Sikiliza, mpishi. Upo mtungi wenye dawa ya mafuta ya kupikia hasa. Inatanda juu ya mafuta, inayapoza, hayawaki tena. Nenda dukani utaje hivyo. Wakikupa ya poda, irudishe; haipozi mafuta. Basi!

Mpishi akashusha pumzi. Mkewe, aliyemletea begi la safari, alikuwa amesimama nyuma yetu.

— Hamjambo, shemeji zangu? Na huo mtungi utakaa wapi?

— Ondoa shaka, shemeji, Cheche akajigamba. Jana, kwa agizo la nahodha, nimeshamchomelea kishikio ukutani, juu ya karai la kukaangia. Ndipo palipokuwa na nafasi. Meli iyumbe itakavyo, hautikisiki.

Mama akamtazama mumewe usoni.

— Sasa karai likishika moto, mtungi ataufikiaje?

Profesa akakohoa. Mimi nikamgeukia Cheche, Cheche akanigeukia mimi. Kisha akainuka, akaingia karakanani, akatoka na msumeno wa chuma.

— Twende melini, akamwambia mpishi.