Nimeoa Jana, na Akaunti ni Yake

Keti, Reino. Na wewe Marlene, acha kunipangia mito, shingo yangu haijaomba msaada. Nimewaita wanangu wawili mnisikie nikiwa bado na pumzi, maana nilisikia mlivyokuwa mkinong'onezana jikoni: eti mzee kachanganyikiwa, eti Rosalie kaniwahi kitandani akanisainisha ndoa bila mimi kujua. Nilijua! Mimi Eino Karvonen, niliyeapa tangu mama yenu aniache kwamba sitaoa tena, jana nimemuoa Rosalie wangu wa miaka yote hii nikiwa na akili zangu timamu, na hakimu nilimwita mwenyewe. Wa kununa anune.

Sasa mali. Nyumba hii, na sauna, kile chumba chetu cha mvuke kule nyuma, na mashua, ni zenu. Wosia uko kwa mwanasheria. Lakini ile akaunti kubwa ya uzeeni haimo, na hata ningeiandika humo ingekuwa kazi bure, kwa sababu wosia hauigusi. Inakwenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa kule benki, basi. Nimemwandika Rosalie. Msije mkapoteza hela zenu kwa mawakili.

Mnataka sababu? Miaka yote niliyochomelea vyuma kiwandani, fungu la mshahara wangu liliingia mle kabla ya kutozwa kodi, na serikali ikaniambia weka tu, tutaonana uzeeni. Haya, tumeonana! Sasa kila mwaka wananilazimisha kutoa kiasi, nitake nisitake, na ninachotoa kinakatwa kodi. Nikiwaachia nyinyi, mna miaka kumi ya kuimaliza yote, na kila dola mtakayotoa inajumlishwa na mishahara yenu minono na kutozwa pamoja nayo. Rosalie angebaki hawara, ndivyo ulivyomwita, Marlene, nilikusikia, angebanwa na miaka kumi ileile, kwa kuwa nimemzidi umri mno, na sheria humsamehe tu aliye rika langu. Angeimaliza akiwa na miaka sabini na moja, halafu ale nini, theluji? Lakini mke anaichukua ikawa yake kabisa, na hakuna wa kumlazimisha kutoa mpaka afike sabini na tano. Mwanamke aliyenikanda mgongo huu miaka thelathini, aliyekesha nanyi mlipougua, akose haki yake kwa sababu ya cheti? Thubutu!

Nanyi sijawasahau. Iko akaunti ndogo, ile ambayo fedha zake nilizilipia kodi kwanza ndipo nikaziweka. Hiyo ni yenu nusu kwa nusu, na mkitoa hamkatwi hata senti. Reino, nakujua, utataka kuichomoa yote wiki ya mazishi ukanunue pikipiki ya theluji. Ole wako! Nayo ina miaka kumi, kwa hiyo iacheni izae humo mpaka mwaka wa mwisho, ndipo mtoe.

Nipe maji. Kidogo tu.

Mkishanizika, washeni sauna, na Rosalie aingie wa kwanza. Simlazimishi mtu kumwita mama, lakini mtamwamkia, na paa lake likivuja, Reino, utapanda wewe. Mungu awape afya, awape kazi, awape watoto wasiowanong'oneza jikoni. Nawapenda, wakorofi nyie.

Bado moja. Nilipomwambia tuoane alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza, "Kwa ajili ya kodi, Eino?" Nikamjibu ndiyo, kodi. Akasema, "Haya basi," akaendelea kumenya. Nyinyi mnasema amekubali kuolewa nami kwa ajili ya fedha, na yeye huko anadhani nimemuoa kwa ajili ya kodi. Tangu jana hajanitazama usoni.

Marlene, nenda ukamwambie... hapana. Usimwambie kitu. Mwite tu aje, nimwambie mwenyewe. Kimbia, mwanangu.