Mwalimu Zamu, Aliyenyimwa Zamu Yake

Familia imeombwa na wakubwa fulani isome wasifu huu kwa upole. Tumejaribu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Zamu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa njia za treni na mama mshonaji. Alianza shule mwaka 1964. Mara mbili alirudishwa nyumbani kwa kumuuliza mwalimu mkuu ni nani waliokubaliana kwamba viranja wasiadhibiwe. Pamoja na mdomo huo alifaulu, akahitimu chuo kikuu mwaka 1981.

Alifundisha falsafa ya siasa chuoni hapo miaka thelathini na mitatu, chumba namba tisa, chenye viti arobaini, saba vibovu. Siku ya kwanza ya muhula hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Wanafunzi walitunga kanuni ya viti wakiwa wamesimama, ndipo wakaokota vikaratasi vya namba za viti kwenye kofia yake. "Tungeni kama watu wasiojua wataangukia kiti gani," alisema, "maana kweli hamjui." Mwaka mmoja mwanafunzi machachari aliwashawishi wenzake kwamba atakayepata kibovu avumilie, ndiyo bahati yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe: aliokota namba ya kibovu, akasoma muhula mzima ameegemea ukuta. Leo ni daktari wa figo, na tunaye hapa.

Mwaka 1986 marehemu alifunga ndoa na mkunga. Makubaliano ya nyumba yao yalibandikwa mlangoni mwa jiko, na kifungu cha nne kilisema atakayepandisha sauti ataosha vyombo. Mjane anathibitisha kwamba marehemu ndiye aliyekitunga, na ndiye aliyeosha.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa kazi. Hospitali ilikuwa na mashine moja ya kusafisha damu, wagonjwa kumi na wawili, na ugomvi kila asubuhi. Aliwakusanya kwenye benchi la korido wakakubaliana: atangulie aliyezidiwa kwa vipimo, kisha aliyengoja zaidi, na cheo kisihesabiwe. Wote walitia sahihi. Uongozi wa hospitali uligonga muhuri, karatasi ikabandikwa ukutani.

Alhamisi tarehe 6 Juni 2024 ilikuwa zamu yake. Mkubwa mmoja, ambaye hakuwemo kwenye orodha, alishuka garini, na uongozi uleule ukampa mashine. Daktari, yule wa kiti kibovu, alimfuata mwalimu wake akiwa na aibu.

"Mwalimu, kesho nitakuchomeka. Ni zamu ya mwenzako fundi viatu, lakini ataelewa."

"Umempima?"

"Nimempima. Kazidiwa kuliko wewe."

"Basi umeshajijibu, mwanangu."

Alifariki Jumamosi tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi, kwenye benchi lilelile.

Tusiambiwe ni kazi ya Mungu. Mungu hakushika ufunguo wa chumba cha mashine. Marehemu alifundisha kwamba watu waliweka mabavu chini ili mnyonge na mwenye nguvu wasimame foleni moja, na kwamba aliyekabidhiwa kuilinda foleni hiyo, akiivunja, hana tena haki ya kudai utii. Tunaongeza: wala upole. Tuna hasira, na hatuoni sababu ya kuificha mbele ya jeneza lake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada yake anayewasomea wasifu huu, na wagonjwa kumi na mmoja ambao karatasi yao bado iko ukutani.

Shada la uongozi wa hospitali limeletwa leo saa tatu, pamoja na ombi kwamba liwekwe la kwanza. Fundi viatu alifika na lake saa kumi na mbili na nusu alfajiri, kwa miguu. Mashada yatawekwa kaburini kwa zamu ya kufika.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Foleni tunailinda sisi.