Mzee Ngadiran na Nguzo ya Kilima cha Sela

Tunamsindikiza Mzee Ngadiran Kartosentono, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1947 hapa Wonosela, Java ya Kati, mtoto wa tatu wa Bwana Kartosentono na Bibi Saminem.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha shule ya ufundi mjini Solo, akamaliza mwaka 1965. Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara ya upimaji ardhi kubeba mnyororo na fito za kupimia, akapanda hadi kuwa mpimaji kamili. Alistaafu mwaka 2003.

Tarehe 8 Juni 1972 alimwoa Bi Wagirah. Asubuhi ya harusi aliona turubai limeinama upande mmoja, akaamuru lifungwe upya. Wageni wakasubiri, tempe ya soya ya kukaanga ikapoa, na bibi harusi, maua yakiwa kichwani, akauliza, "Huyu ananioa mimi au anaoa turubai?"

Kilimani Sela palikuwa na nguzo ya mawe. Kijiji kizima kiliamini ni kaburi la walii. Kila Ijumaa ya Kliwon, siku takatifu ya kalenda yetu inayorudi kila baada ya siku thelathini na tano, watu walipeleka maua na ubani, wala hakuna aliyethubutu kufunga mbuzi pale. Mwaka 1998 Mzee aliikuta kwenye ramani za kale ofisini: ilijengwa mwaka 1862 na wapimaji wa Kidachi, yaani Waholanzi waliotutawala, na milima yetu yote ilipimwa kuanzia hapo. Akaueleza mkutano wa kijiji kwa furaha, akidhani wataipenda zaidi. Alikosea. Maua yalikoma mwezi uleule, na mbuzi wakafungwa.

"Ungewaachia walii wao, Baba Lestiyani," mkewe alimwambia.

"Niwadanganye watu kuhusu kaburi? Siwezi, mama."

Akaiandikia ofisi ya urithi wa kihistoria barua kumi na saba, akiomba nguzo ilindwe. Jibu alilipata kwa mdomo tu, dirishani kwa karani wao: "Mzee wangu, hilo ni jiwe la Wadachi. Sisi tunatunza vya kwetu."

Akawaka. "Mdachi alipandishwa kilimani kwa kiti! Mawe aliyabeba baba wa babu yangu. Jasho lake nalo ni la Kidachi?"

Nasi tunasema wazi: ni aibu. Mahekalu yana uzio na walinzi, lakini sayansi iliyobebwa na migongo ya wazee wetu haikupata hata kibao.

Septemba 2024 alipatwa na kiharusi. Tarehe 9 Novemba, akiwa amelazwa, nguzo ilibomolewa kupisha jukwaa la watalii la kupigia picha. Tulimficha habari hiyo. Kila jioni aliuliza, "Wamejibu?" Binti yake, Lestiyani, akamwambia, "Bado, Baba. Wanazisoma barua zako." Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, alfajiri, akiwa na miaka 77.

Ameacha mjane, Bi Wagirah. Watoto wawili, Lestiyani na Prihatmo. Wajukuu watano, na dada yake, Bi Tukinah.

Desturi yetu inataka familia iwaombe radhi waombolezaji kwa makosa ya marehemu. Kama aliwahi kumkwaza mtu kwa ulimi wake, na ulimi wenyewe mnaujua, msameheni. Yeye tunamwomba radhi kwa uongo wetu. Lakini kwa zile barua kumi na saba hatumwombi mtu. Mabwana wa ofisi ya urithi, mmekaa mstari wa mbele na ubao wenu mkubwa wa maua ya rambirambi. Radhi hiyo ni yenu kuiomba.

Mungu amlaze pema. Jeneza haliinuliwi mpaka mseme.