Goti la Fundi Pindo

Kwenye benchi la nje ya kinyozi, ambapo kahawa humiminwa tangu jua halijakolea, hakuna kiungo cha mwili kilichosemwa kama goti la Fundi Pindo, mshona nguo. Wiki sita zilizopita alitolewa goti bovu, akawekewa la chuma. Kidonda kimefunga, maumivu ya zamani yamekwisha, ila goti lenyewe linakunjika nusu tu, na pedali ya cherehani haimwonei mtu huruma. Jumatatu anarudi hospitali. Daktari kamwambia kinagaubaga: lisipokunjika likafika pembe ya mraba, atalazwa kwa dawa ya usingizi, likunjwe kwa nguvu. Na Fundi Pindo usingizi ule anauogopa kuliko kaburi.

Asubuhi hiyo, mguu ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda, alianza kinyozi, waliyempachika jina la Profesa kwa kusoma magazeti kabla ya kuyafutia wembe.

— Kosa ni la kisu. Goti hupasuliwa ubavuni. Lako wamelipasua kwa mbele, msuli umenuna.

Gia, dereva mstaafu, akapinga. Msuli hauna roho ya kununa. Chuma ndicho kigeni.

— Injini mpya haikimbizwi. Haraka haraka haina baraka. Kaa hata mwaka.

— Mwaka, bwana? Fundi akaruka. Na suruali za watu?

Hapo Bi Kijiko, muuza kahawa ambaye ulimi wake haujui likizo, akaleta ya kwake. Alimsikia mtu aliyemsikia nesi: siku ile mezani yalikuwepo magoti mawili, moja la mtu mrefu.

— Ndilo hilo ulilonalo, shemeji. Mwenzio huko aliko anatembea kama anatafuta sindano.

— Tena wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, Gia akaongeza. Wewe na miaka yako sitini na miwili, samaki gani huyo?

Wakacheka. Fundi hakucheka, yeye aliiona Jumatatu tu.

Mjadala ulishafika mahali pa kudai kwamba chuma kile kinavutwa na reli ya treni, pale mama mmoja mgeni wa mtaa, aliyeleta sketi ipunguzwe kiuno, alipouliza kwa upole:

— Samahani, baba. Leo umelikunja mara ngapi?

Profesa akamtazama Gia. Gia akatazama kikombe. Wiki sita walikuwa wakigombea nani amsogezee kigoda, na aliyeugusa mguu alikaripiwa.

Fundi jibu alikuwa nalo, likamchoma. Hospitali walimpa karatasi ya mazoezi, yenye michoro, asubuhi na jioni. Karatasi ilikuwa nzito, nzuri. Wiki ya kwanza tu, goti lilipouma, aliikata ikawa kiolezo cha kola. Imeshakatia kola za mashati manne.

Akashusha mguu chini. Akakiburuta kisigino kurudi nyuma, taratibu, jasho likamtoka puani. Bi Kijiko akafungua mdomo.

— Nyamaza kwanza, shemeji, alisema Fundi. Moja.