Félicité Mugwaneza, Mzaliwa wa Lubondja, Si wa Baraka

Wapendwa wote mlioketi hapa, ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Lubondja, ninyi wa Swima mliofika kwa pikipiki, na ninyi wa Ubwari mliovuka kwa mtumbwi na nguo zenu bado zina maji, familia inawaomba masikio yenu, ili mjue njia aliyoipita mtoto wetu Félicité Mugwaneza, kama ilivyosimuliwa na koko wake Nyiransabimana, mama wa baba yake, ambaye amemkataza baba mdogo Willy, anayewasomea, kuongeza sukari mahali popote.

Marehemu alizaliwa Lubondja tarehe 14 Machi 1994, asubuhi, saa ya kukamua ng'ombe, mtoto wa pekee wa Kagabo na Clarisse. Alizaliwa Lubondja, si Baraka, na jambo hilo tutalirudia, maana kuna karatasi inayosema vingine, na koko hajaitia kidole cha wino, ndiyo sahihi yake. Mwaka 1998 vita ilipofika alivuka ziwa mgongoni mwa koko mpaka kambini Tanzania, ambako baba na mama yake walikufa kwa kipindupindu ndani ya juma moja, na koko, ambaye shule aliiona miaka miwili tu, akabaki na mtoto mwenye maswali kuanzia kuamka mpaka kulala.

Alianza masomo kambini mwaka 2000, akayaendeleza hapa Baraka waliporudi mwaka 2007, na mwaka 2013 akapata diplome yake ya sekondari kwa asilimia sitini na moja, koko akauliza zile thelathini na tisa nani alizikula. Mwezi wa Novemba mwaka huo alikwenda Bukavu kusomea uandishi wa habari, kwa msaada wa masomo, ule wanaouita bourse, uliowekwa na rafiki za Eugène, mwandishi wa habari wa Swima aliyekufa maji akiwa kijana, njiani kwenda kutafuta habari, ili jina lake lisizame pamoja naye.

Likizo ya kwanza, Julai 2014, Félicité hakuja nyumbani moja kwa moja, bali alishuka Swima, akamtafuta mama wa Eugène, Mama Suzanne, akamkuta anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, akakaa naye mpaka jioni. Koko aliposikia alimgombeza: "We mutoto, bourse inatoka ku biro, unaenda kushukuru kaburi?" Naye akajibu bila kuinua macho kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga: "Biro haikuzalaka muntu, koko," yaani ofisi haikumzaa mtu. Koko akashika mchi wa pili akatwanga naye, na majirani ni mashahidi kwamba hilo halitokei kila mwaka. Kumbe kabla yake wanafunzi watano walikuwa wamesoma kwa jina la Eugène, na hakuna hata mmoja aliyeujua mlango wa mama yake. Tangu hapo alikwenda kila Julai, akabeba sabuni na chumvi, akamsomea kwa sauti yale aliyoyaandika mwaka ule, kwa sababu Mama Suzanne alimwambia kwamba picha ya Eugène rafiki zake walimletea, nzuri, ndani ya kioo, lakini picha haisalimii asubuhi.

Alimaliza masomo mwaka 2017, na tarehe 5 Februari 2018 akaanza kazi katika redio moja ya hapa Baraka, akasoma matangazo ya msiba saa kumi na mbili jioni. Hatutaficha kosa lake, maana yeye mwenyewe hakulificha. Mwezi wa Juni mwaka ule alipokea kikaratasi kilichoandikwa tu kwamba mzee Sebatware amefariki, akakisoma, na ukoo wa Sebatware wa Lubondja ukateremka na kuni, vilio na ng'ombe mmoja, ukamkuta mzee wao anakula ugali, maana aliyekufa alikuwa Sebatware mwingine, wa hapa mjini. Yule mzima aliwaambia: "Nikuwe nimekufa ao sijakufa, ng'ombe imeshafika," na ikachinjwa. Watu walicheka, Félicité hakucheka, alikwenda kwa miguu katika nyumba zote mbili kuomba radhi, na tangu siku ile hakusoma tangazo la mfu bila kuuliza mambo matatu: mtoto wa nani, wa kijiji gani, na nani amemtuma.

Tarehe 3 Agosti 2019 alifunga ndoa na Ishema, mwalimu, mtu mpole kupita kiasi, wakajaliwa watoto wawili, Merveille mwaka 2020 na Junior mwaka 2023. Ugonjwa wa figo ulimkamata Aprili 2025, akaendelea kusoma matangazo akiwa na miguu iliyovimba, koko akimgombeza naye akiahidi kupumzika kesho, mpaka alipolazwa mwezi wa Septemba, na Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akatutoka, akiwa na miaka thelathini na moja. Jioni ile saa kumi na mbili koko aliwasha redio kama kila siku, akamngojea. Hata jana aliiwasha.

Sasa ile karatasi. Wenzake wa redio, wakiongozwa na Gentille, wanataka kuanzisha bourse kwa jina la Félicité, kila mwaka mwanafunzi mmoja wa uandishi wa habari, pamoja na zawadi kwa habari bora ya eneo letu la Fizi, na wameomba kidole cha koko. Ni kazi njema, lakini wameandika kwamba alizaliwa Baraka, yeye aliyetembea siku nzima kwa sababu ya Sebatware mmoja, tena hakuna mstari unaosema kwamba huyo mwanafunzi atakuja kwa koko. Koko hataki picha ndani ya kioo. Anataka mtoto huyo, awe wa milimani au wa ziwani, aje kila Julai, aketi kwenye kile kigoda alichokalia marehemu, asome kwa sauti, agombezwe kidogo, na chakula kitakuwepo.

Familia inawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochota maji bila kuitwa, wachungaji, wenzake wa redio, na zaidi Mama Suzanne, ambaye amefika toka juzi na sabuni na chumvi, akaketi karibu na koko bila maneno mengi, maana analijua jambo lenyewe.

Wino uko mkononi mwa Willy. Koko atatia kidole mbele yenu nyote, mara tu Gentille atakaposimama, akasahihisha karatasi, akaahidi safari ile ya kila Julai, na kutusomea kama marehemu alivyosoma: mtoto wa Kagabo na Clarisse, wa kijiji cha Lubondja, aliyetuma ni koko wake.

Pumzika kwa amani, Félicité, miguu yako imetembea vya kutosha. Redio iko mahali pake, betri ni mpya, na Julai mlango utakuwa wazi.