Fundi Nathaniel na Gari Lililozimika Njia ya Magu

Wasikilizaji wapendwa, kama betri za redio yenu zimechoka, zianikeni kwanza juani, maana leo sitaki mnisikie nusu. Leo tunamkumbuka fundi. Fundi Nathaniel Mayala, fundi magari wa Mabatini, hapa Mwanza. Amefariki Jumanne kwa ugonjwa wa kifua. Tumemzika juzi kwao Bujora.

Nathaniel alizaliwa Bujora. Ufundi aliupata kwenye gereji ya chama cha ushirika, enzi zile pamba ina mnunuzi mmoja. Chama kilipoanza kufilisika, kiliuza malori, kikauza na viti, kikapunguza na watu. Nathaniel akapunguzwa. Akajenga gereji yake ya mabati, akachimba shimo la kuingilia chini ya magari, akaanza upya. Mjane wake, Dorcas, ananiambia: "Akirudi jioni, mbwa walimjua kwa harufu ya grisi kabla mimi sijasikia hatua."

Lakini wengi wenu mnamjua Nathaniel kwa ajili ya gari moja. Pijo ya zamani, rangi ya maziwa, iliyokuwa ikimbeba mwenyekiti wa ushirika. Ilipopigwa mnada, aliinunua Bwana Luhende. Luhende alikuwa miongoni mwa wale wanunuzi binafsi wa pamba, waliozuka soko huria lilipoingia.

Soko huria lilituletea kila kitu. Sabuni za kunukia, mitumba ya kila saizi, na kufuli. Sijawahi kuona watu waliopewa uhuru wakanunua kufuli kiasi kile. Luhende alitia kufuli hata kwenye tangi la mafuta. Mfuniko wa zamani akautupa, akafunga mpya wa ufunguo. Ufunguo akauvaa shingoni. Alikuwa akisema, "Mafundi wa Mwanza wanakunywa petroli." Hakukosea sana. Marehemu mume wangu alikuwa fundi, na pikipiki yetu haikuwahi kukosa mafuta. Tuendelee.

Gari likaanza kuzimika. Sikilizeni vizuri hapa. Luhende anajaza mafuta mjini, anaelekea Magu kununua pamba. Akishaipita Kisesa, kwenye kitongoji ambacho sitakitaja, wenyewe wanajijua, gari linakohoa, linazimika. Anasubiri. Anapiga stata, linawaka, anaondoka. Safari nyingine, pale pale. Kila safari, pale pale. Na pale pale, kando ya barabara, palikuwa na nyumba ya Bibi Getruda.

Bibi Getruda alikuwa mjane, anaishi peke yake. Alikuwa na shamba zuri linaloshuka hadi bondeni. Na macho yake yalikuwa mekundu. Mwanamke aliyepuliza moto wa samadi ya ng'ombe maisha yake yote, mlitaka macho yake yawe ya bluu?

Maneno yakaanza. Bibi anazima gari.

Luhende akalipeleka gari kwa Nathaniel. Nathaniel akasafisha plagi. Akabadilisha platini. Akafungua kabureta, akaipuliza. Kisha akalijaribu. Na hapa, wasikilizaji, ndipo penye uchungu. Kwa kuwa wenye magari walikuwa wakifunga matangi yao au kuyakausha kabla ya kuja gereji, mafundi walikuwa na desturi yao. Fundi anajaribu gari kwa petroli yake mwenyewe. Anafunga kidumu kwa kamba karibu na injini, mpira unatoka kwenye kidumu unaingia kwenye pampu. Tangi haligusi. Nathaniel akafanya hivyo. Gari likanguruma kutwa. Akaliendesha mpaka Usagara na kurudi. Halikuzimika. Akamwambia Luhende: "Gari ni zima."

Luhende akaondoka na maneno hayo. Akajaza mafuta mjini. Likazimika pale pale.

Ukaitishwa mkutano pale kitongojini. Nathaniel akaitwa kutoka mjini. Aliyeongoza alikuwa mzee mmoja, Shimba. Yaliyosemwa ninayo kutoka kwa Sabina, binti wa Bibi Getruda, aliyekuwa amekaa chini karibu na mama yake.

"Fundi, wewe ndiye mganga wa magari. Gari hili lina ugonjwa?"

"Mzee, mimi nilivyolitazama..."

"Lina ugonjwa au halina?"

"Ni zima, mzee."

"Haya. Kama gari ni zima, mgonjwa wetu ni nani?"

Watu wote wakageuka kumtazama Bibi Getruda. Naye akasema, "Mimi hata baiskeli sijui kuisimamisha." Hakucheka mtu. Ningekuwepo ningecheka, na pengine ningefukuzwa naye.

Maana alifukuzwa. Aliambiwa jua la kesho lisimkute pale. Akaondoka na Sabina kwenda Usagara, alikoolewa Sabina, na godoro lake na kuku wake. Nyumba wakaing'oa bati.

Habari hizo zilimkuta Nathaniel akila. Dorcas anasema alisukuma sahani akaenda kukaa nje. Safari iliyofuata akamwomba Luhende ampakie. Wakajaza mafuta mjini, wakaipita Kisesa. Gari likazimika pale pale. Mbele ya nyumba tupu.

Luhende akasema, "Unaona? Sasa anatuzimia kutoka Usagara."

"Nipe ufunguo," akasema Nathaniel.

"Ufunguo si umo kwenye stata?"

"Huo wa shingoni."

"Umeshikwa na kiu?"

"Nipe, kaka."

Akauzungusha kwenye mfuniko wa tangi. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeopolewa ziwani. Akapiga stata. Likawaka papo hapo.

Narudia, kwa wale waliokuwa jikoni. Tangi la mafuta linapumua. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Mfuniko wa zamani ulikuwa na kitundu kidogo. Mpya haukuwa nacho. Basi kuanzia pale lilipojazwa mjini, tangi lilikuwa likijinyonga polepole, na pumzi ilikuwa ikikatika umbali ule ule, karibu na Bibi Getruda. Kidumu cha fundi hakikuwa na mfuniko. Ndiyo maana gereji gari halikuzimika.

Nathaniel akalipeleka gari kwa mzee Shimba. Akamweleza, akamfungulia, akamfungia, akamsikilizisha. Shimba akaitikia kwa kichwa. "Tumeelewa, fundi. Ila kesi ilishakwisha." Na kwenye shamba la Bibi Getruda palikuwa pameshapandwa mpaka mpya wa minyaa. Aliyeupanda ni mpwa wa Shimba. Mimi sisemi kitu. Nataja undugu tu.

Nathaniel akaenda Usagara na mfuniko mkononi, ameshautoboa kitundu. Sabina anasimulia: "Alipiga magoti mlangoni. Akasema, 'Shikamoo mayu, mama yangu. Nimekukosea.' Mama akasema, 'Marahaba.' Akauchukua mfuniko, akaugeuzageuza. Akasema, 'Kwa hiyo gari umelipatia dawa, mwanangu. Sasa na mimi nitobolee kitundu, nipumue.'"

Bibi Getruda hakurudi. Alifia Usagara, akazikwa Usagara, kwenye ardhi ya mkwe.

Tangu siku ile Nathaniel hakumwambia tena mteja kwamba gari lake ni zima. Alikuwa akisema, "Mimi ugonjwa sijauona. Labda upo nisikotazama." Wateja wakaona huyu fundi hajui kazi. Wakahamia kwa mafundi wenye uhakika. Wapo wengi.

Wasikilizaji wapendwa, tunakupa pole wewe Dorcas, na watoto, na ukoo wote wa Mayala pale Bujora. Tunakupa pole na wewe Sabina, uliyetoka Usagara kuja kumzika mtu aliyetoa ushahidi dhidi ya mama yako, kisha akaenda mwenyewe kuufuta. Kutoka kile kitongoji hakuja mtu. Mzee Shimba ametuma salamu za rambirambi, tuzisome hapa. Karatasi ninayo. Macho yangu yananisumbua leo.

Tutafakari. Nanyi mliokaa kwenye mkutano ule, najua mnasikiliza, maana kwenu redio hii inakamata vizuri. Pijo ile bado ipo barabarani, na msimu wa pamba umefunguliwa. Mtaisikia ikitoka Kisesa, inafika kwenye nyumba isiyo na bati, inapita bila kusimama. Kaeni kimya muisikilize inavyopita.