Kisanduku Kilichofika Kitupu

Benchi la muuza kahawa linatazamana na lango la hospitali kubwa, na asubuhi ile Randa, fundi seremala, alikuwa amelikalia ukingoni. Mkewe alihamishiwa hapo alfajiri kutoka hospitali ndogo ya mtaani kwao, homa imempanda, pumzi za kuhesabu. Faili lake lilitumwa kwa kompyuta. Jina lilifika, umri ukafika. Ila kile kisanduku cha kuandikia dawa inayomdhuru kikafika kitupu. Muuguzi aliyemsindikiza alijua tu kuwa dawa hiyo ipo, jina hakulijua; sindano ikasimamishwa mpaka kule mtaani wapokee simu. Wenzake wa kijiweni wakaja kukaa naye.

— Tatizo ni lugha, alisema Waya, fundi redio. Kule wanaandika "mzio", mashine ya hapa inatafuta "tahadhari". Haioni kitu, inapita zake.

— Sasa si wakae chini wakubaliane neno moja? aliuliza Soli, mshona viatu.

— Wakae wapi? Kila hospitali na mashine yake, kila mashine na mwenyewe.

— Mimi naona ni makusudi, alisema Breki, dereva mstaafu. Faili likifika zima, watakupima nini tena?

— Afadhali hili limekuja na pengo, alisema Soli. Shemeji yangu alienda kung'oa jino, faili likasema ni mjamzito. Mwanamume mzima, ana ndevu.

— Si zinapita angani hizo taarifa? Breki akakazia. Huko juu zinachanganyikana. Saa hizi mama watoto huenda anatibiwa kwa faili la mtu aliyekwisha kufa.

Kahawa ikammwagikia Randa mapajani. Hakuifuta.

— Breki, hebu nyamaza kidogo, alisema Waya.

Muuguzi alivuka barabara akija kwao, mkononi ana karatasi.

— Mume wa yule mama aliyeletwa alfajiri ni nani?

— Mimi, dada.

— Kule simu bado haipokelewi, na daktari hawezi kungoja zaidi. Wewe ndiye unayeishi naye, baba. Ile dawa iliyomdhuru inaitwaje?

Randa akafungua mdomo. Siku yenyewe aliikumbuka yote: midomo ilivyovimba, macho yalivyoziba, yeye alivyombeba mgongoni hadi barabarani. Hata rangi ya vidonge aliikumbuka, nyekundu na nyeusi. Jina hakuwahi kuuliza.

Akawageukia wenzake. Waya alitazama chini.

— Iliandikwa, dada, alisema Randa. Niliona kwa macho yangu wakiandika.